Mzigo Uliandikwa, Dereva Hakuandikwa: Kuitafuta Habari ya Baba Aliyeendesha Lori Mtwara na Pwani ya Ruvuma

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi njema kuwataja wachungaji walioulisha kwa Neno, wainjilisti waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, na wazee wa kanisa waliotunza mali yake. Majina yao yamehifadhiwa katika vitabu vya kumbukumbu na mengine yamechongwa ukutani. Lakini liko kundi jingine la watumishi ambao pasipo wao saruji isingefika, bati lisingepanda juu ya paa, wala unga wa wakimbizi usingevuka mto. Hao ni madereva wa malori. Watoto wao sasa ni wazee, na wengi wanauliza swali moja: baba alifanya kazi wapi, kwa nani, na kwa miaka mingapi?

Swali hilo si la udadisi tu. Nehemia, alipoandika habari za kujengwa upya kwa ukuta wa Yerusalemu, alitoa sura nzima ya tatu kuwataja waliojenga, kila mtu na sehemu yake, wakiwemo wafua dhahabu na watengeneza manukato. Naye Martin Luther alifundisha kwamba kazi halali ya kila siku ni wito utokao kwa Mungu, sawa na kazi ya madhabahuni. Kanisa linaloamini hivyo haliwezi kuwaacha madereva wake nje ya historia yake. Makala haya yanaeleza njia waliyopita madereva wa kusini, na jinsi mtoto anavyoweza kuifuata leo.

Kabla ya lori: kichwa na bega

Pwani ya Mtwara, kutoka ghuba ya Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, ilikuwa na biashara ya bara tangu zamani, lakini haikuwa na mnyama wa kubeba mizigo. Sababu ilikuwa mbung'o. David Livingstone alipotua Mikindani mwaka 1866 alileta ngamia, nyumbu, punda na nyati, akitaka kujua kama watastahimili mbung'o. Wanyama hao walikufa njiani. Kwa hiyo mizigo ya kusini iliendelea kubebwa na mwanadamu, kwa kichwa na kwa bega. Na katika siku za biashara ya utumwa mwanadamu mwenyewe alikuwa bidhaa.

Vita Kuu ya Kwanza ilizidisha mzigo huo. Waingereza waliitwaa Mikindani mnamo Septemba 1916. Mwezi Oktoba 1917 yalipiganwa mapigano makali ya Mahiwa, karibu na Nyangao, na tarehe 25 Novemba mwaka huohuo Jenerali Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Nyuma ya majeshi ya pande zote mbili walitembea wapagazi wengi kuliko askari. Walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, na walio wengi hawana kaburi lenye jina. Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam umechukua jina lake kutoka kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Magari machache yaliyoletwa katika vita ile yalishindwa mara nyingi na matope ya masika, na watu wakarudi kubeba.

Ni vema kulikumbuka jambo hili kabla ya kumtaja dereva wa kwanza. Kusini mwa nchi, lori halikuchukua nafasi ya mkokoteni wa ng'ombe. Lilichukua nafasi ya mtu. Mzazi aliyeshika usukani katika miaka ya 1930 huenda alikuwa mwana wa mpagazi, na hatua hiyo moja ilibadili maisha ya ukoo wake.

Magari ya wafanyabiashara na magari ya jeshi

Baada ya vita malori yalianza kuonekana taratibu. Mengi yalikuwa mali ya wafanyabiashara wa Kihindi, walionunua ufuta, karanga, muhogo na nta huko Masasi na Newala na kuzishusha pwani, Lindi na Mikindani. Katika miaka ya 1930 serikali ya mkoloni iliyawekea masharti malori yaliyoshindana na Reli ya Kati. Kusini hakukuwa na reli ya namna hiyo, hivyo lori lilikuwa na nafasi kubwa zaidi, ingawa barabara zilikuwa za mchanga na udongo, na mvua zilizifunga kwa miezi.

Katika siku hizo kijana hakuanza kwa kuendesha. Alianza akiwa utingo. Alipanda juu ya mzigo, akafunga turubai, akachota maji ya rejeta, akaweka kigingi nyuma ya gurudumu lori liliposimama mlimani, na asubuhi akazungusha hendeli hadi injini iwake. Baada ya miaka kadhaa dereva wake alimwachia usukani mahali palipo tambarare. Cheo cha utingo hakikuandikwa popote, na kwa sababu hiyo miaka ya kwanza ya kazi ya madereva wengi haionekani katika karatasi.

Vita Kuu ya Pili ilileta shule ya namna nyingine. Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini, na baadhi yao walifundishwa udereva na ufundi wa magari katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki. Wengine walifika hadi Burma. Waliporudi mwaka 1945 na 1946 walikuwa na ujuzi, cheti cha kuachishwa jeshi, na fikra mpya kuhusu haki ya mfanyakazi. Cheti hicho, kama kingali katika sanduku la familia, ni hazina: kina namba ya askari, kikosi, tarehe na mara nyingine fani yake.

Mpango wa Karanga, bandari na reli

Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield uliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga Tanganyika ili kupunguza upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Zaidi ya ekari milioni tatu zilikusudiwa kufyekwa katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa kuwa Nachingwea ilihitaji njia ya kutokea baharini, ilijengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Kisha ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954 na kuunganishwa na reli hiyo.

Kazi hiyo ilivuta watu kutoka pande zote. Yaliletwa matrekta na mitambo iliyobaki vitani, mingine ikitoka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Vijana wa Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua walifanya kazi pamoja na vijana waliotoka bara. Wengi walijifunza kuendesha hapo kwa mara ya kwanza. Mishahara ilipangwa kwa rangi ya mtu, na Mwafrika alipata sehemu ndogo kwa kazi ileile. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua hazikutabirika, na hesabu zilikuwa za mezani. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36.

Bandari ilibaki. Reli haikudumu: ilikosa mzigo wa kutosha, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru. Tangu hapo korosho zote za uwanda wa Makonde, kutoka Newala na Tandahimba, ziliteremshwa bandarini kwa lori. Mzee akisema, "Mimi niliendesha tani saba baada ya reli kung'olewa," ametaja wakati wake kwa usahihi kuliko anavyodhani.

Ndipo Walutheri walipoanza kuonekana zaidi katika pwani hii. Uislamu ulikuwa na mizizi ya karne nyingi. Waanglikana walikuwa Masasi tangu mwaka 1876. Mapadre Wabenediktini walikuwa Lukuledi na Ndanda. Mlutheri wa Mtwara mara nyingi alikuwa mtu aliyeletwa na kazi: mtumishi wa bandari, mwalimu, fundi, karani, dereva. Alikuja na Biblia, kitabu cha nyimbo, na barua ya usharika alikotoka.

Wakimbizi, ukombozi na njia ya Zambia

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika. Mwaka uliofuata lilianzishwa shirika la TCRS, chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ili kuwahudumia wakimbizi. Halikukaa bila kazi. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya silaha dhidi ya Wareno, na maelfu ya watu walivuka Ruvuma. Serikali, Umoja wa Mataifa na TCRS walishirikiana kuwapatia makazi, na mojawapo ya makazi hayo lilikuwa Rutamba, mkoani Lindi. Mahindi, mbegu, majembe, mabati na madawa vilihitaji kufika huko. Ripoti za shirika zilihesabu magunia. Mikono iliyoyafikisha ilikuwa ya madereva na matingo.

Nachingwea, palipokuwa mashamba ya karanga, pakawa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, na mjini Mtwara palikuwa na hospitali yake. Barabara za mpakani zilikuwa za hatari hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Dereva wa miaka ile hakuulizwa alibeba nini, naye hakusema. Ukimya wa wazee wengi kuhusu kipindi hicho ulianza kama nidhamu ya kazi, ukaishia kuwa tabia.

Wengine waliondoka kusini wakaenda njia ya Zambia. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kutokea baharini. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na washirika kutoka Italia, ziliunda kampuni ya malori ya Zambia Tanzania Road Services. Magari ya Fiat yenye matela yalipeleka mafuta na kurudi na shaba, yakipita Mikumi, mlima Kitonga na Tunduma. Waandishi wa Ulaya waliiita njia hiyo ya jehanamu, kwa ajili ya vumbi, matope na mabaki ya magari yaliyoanguka. Ujenzi wa lami, bomba la mafuta la mwaka 1968 na hatimaye reli ya TAZARA katikati ya miaka ya 1970 ulipunguza adha hiyo.

Waliobaki Mtwara walipitia mabadiliko ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Malori ya watu binafsi yalipungua, na yakaja ya vyama vya ushirika, ya mashirika ya umma na ya kampuni za usafirishaji za mikoa, zilizojulikana kwa jina la RETCO. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya malori yalibeba watu na vyombo vyao kuwapeleka katika vijiji vipya, wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi chini ya tani 20,000. Lori lililokosa korosho lilikosa pia spea na matairi. Yako madaftari ya miaka hiyo yanayoonyesha dereva aliyelipwa mshahara huku gari lake likiwa juu ya mawe.

Mahali pa kuanzia

Mtoto anayetafuta habari za baba yake aanze nyumbani. Leseni ya zamani huonyesha aina za magari aliyoruhusiwa kuendesha, na mihuri ya kuihuisha huonyesha alikuwa mji gani mwaka gani. Kadi ya Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF, ulioanzishwa mwaka 1964 na ambao ulikuja kuwa NSSF mwaka 1997, inaweza kutaja waajiri wake mmoja baada ya mwingine. Picha itazamwe nyuma na mbele: bango la mlango wa lori huenda lina jina la mwenye mali.

Hatua ya pili ni kanisani, na hapa familia za Kikristo zina bahati ambayo hazijaitumia. Kitabu cha ubatizo huandika tarehe, mahali na majina ya wazazi, na mara nyingine kazi ya baba. Kifungua mimba akiwa amebatizwa Lindi, wa pili Nachingwea, wa tatu Mtwara na wa nne Mbeya, orodha hiyo ya watoto ni ramani ya safari za baba. Barua za kuhama usharika nazo huonyesha mwezi alioondoka na mwezi aliopokelewa. Pengo kati ya tarehe hizo mbili lichunguzwe kwa makini, maana mara nyingi ndipo ilipo habari.

Hatua ya tatu ni kumbukumbu za nchi. Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam zina mafaili ya utawala wa Jimbo la Kusini na Vitabu vya Wilaya. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina magazeti ya zamani kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930. Huko Kew, London, yako mafaili ya serikali ya Uingereza kuhusu Mpango wa Karanga. Anayekwenda huko asitafute jina la baba yake kwanza, kwa maana atarudi amekata tamaa. Atafute mzigo. Karani alimwandika mwenye mali, idadi ya magunia, namba ya gari na lita za mafuta. Dereva alikuwa "dereva mmoja". Lakini mtu akijua kutoka nyumbani kwamba baba alibeba korosho za ushirika mwaka fulani kutoka Newala, basi faili la korosho za mwaka huo ni faili la baba yake pia.

Hatua ya nne ndiyo isiyoweza kungoja: wazee walio hai. Akiwepo aliyekuwa utingo wa marehemu, aendewe na mtu anayejua adabu, amwamkie "Shikamoo mzee," akae chini, asianze na kalamu. Asimwulize, "Baba alikuwa mtu wa namna gani?" kwa kuwa atajibiwa kama watu wanavyojibu msibani. Amwulize mlilala wapi masika yale mto ulipofurika; mlipakia nini; gari liliharibikia wapi; nani alikufa. Tena asimsahau mama. Mke wa dereva ndiye aliyehesabu siku. Anakumbuka safari kwa mimba, kwa ugonjwa wa mtoto, kwa sikukuu ya Krismasi ambayo baba hakuwepo. Katika sharika nyingi huyo ndiye aliyeimba kwaya, akatoa sadaka ya nyumba nzima, na akawapeleka watoto kipaimara peke yake.

Amri mbili

Utafutaji wa namna hii una jambo zito, na haifai kulinyamazia katika kitabu cha kanisa. Mtu anayefuata njia ya baba yake anaweza kukuta asichokitarajia. Huenda katika kitabu cha usharika wa mbali kuna mtoto mwingine aliyeandikwa kwa jina la baba yuleyule. Huenda kuna ajali iliyoua mtu, na dereva hakuisema maisha yake yote. Huenda kuna safari za magendo katika miaka ya shida, au siku ambayo lori lake lilibeba familia iliyokuwa ikilia kuhamishwa kwake.

Katekisimo Ndogo inatufundisha amri ya nne, ya kuwaheshimu wazazi, na amri ya nane, inayokataza ushuhuda wa uongo. Wako wanaodhani kwamba hapa amri hizo zinapingana, wakachagua ya nne na kuuficha ukurasa. Lakini heshima iliyosimama juu ya uongo humdhulumu mtu mwingine: yule mtoto wa usharika wa mbali, ambaye naye ameamriwa kumheshimu baba yake na hajui kaburi liko wapi. Mwinjili Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu hakumwondoa Tamari, wala Rahabu, wala mke wa Uria. Wokovu ulipita katika ukoo uliosemwa ukweli wake.

Busara inahitajika. Habari ya namna hiyo isisomwe kwanza katika kitabu wala katika mahubiri ya mazishi. Mama aambiwe kwa faragha, kisha ndugu wote, mchungaji akiwepo wakimhitaji. Wasiohusika hawana haki ya kuijua. Jina la mtu aliye hai lisichapishwe pasipo ridhaa yake. Luther alieleza kuwa amri ya nane inatutaka pia kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Basi pamoja na kosa liandikwe vumbi, miezi ya upweke, na ada ya shule iliyotumwa kila mwezi kupitia kwa dereva mwenzake.

Ukurasa uliobaki wazi

Leo njia zimebadilika. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, limemaliza foleni za pantoni ya Ndundu kwenye Rufiji. Daraja la Umoja, la mwaka 2010, limevuka Ruvuma kule Negomano, jirani na pale jeshi la Lettow-Vorbeck lilipovukia. Malori makubwa ya saruji na makaa ya mawe yanapita Mtwara usiku na mchana, na madereva wake wana simu mkononi. Hata hao, ikiwa hakuna atakayeandika, watabaki "dereva mmoja".

Kwa hiyo ni vema usharika, katika mwaka huu wa shukrani, ufungue daftari moja dogo ofisini. Kila familia iliyokuwa na dereva, utingo au fundi wa magari iandike mambo matano: jina lake la ubatizo na jina la barabarani, mwaka na mahali alipoanza, waajiri wake kwa mfuatano, mizigo aliyobeba, na jina la mtu mmoja aliyefanya kazi naye. Kazi hiyo inamalizika kwa jioni moja, wakati wazee wetu wangali mezani pamoja nasi. Wachungaji wa miaka mia ijayo watakaposoma habari za ukuta huu, na wamkute kila mjenzi kwa jina lake. Bwana awakumbuke wote waliobeba.